Muulize Muuguzi: Mama apasuliwe tena, au kemo itoshe?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu saratani ya ovari, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa msomaji mgeni: mimi ni muuguzi mstaafu. Nimehudumu katika hospitali za hapa Nairobi kwa miaka 27, na 11 ya mwisho nilikuwa chumba cha kemo, yaani cha dripu za dawa za saratani. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa mahali pake.

*

Shikamoo, Shangazi. Mamangu ana miaka 58 na tunaishi naye Umoja. Mwaka juzi alipasuliwa saratani ya ovari. Walitoa ovari zote mbili, kizazi, na lile pazia la mafuta linalofunika matumbo. Daktari alituambia operesheni imeenda vizuri. Akapewa raundi 6 za kemo, kaboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki 3. Nywele zikaota, akarudi kwenye kibanda chake cha mitumba pale Mutindwa. Sasa ni miezi 19 tangu raundi ya mwisho. Kipimo chake cha damu cha kufuatilia saratani, CA-125, kilichokuwa 14 kimepanda hadi 41, halafu 96. Skani inaonyesha uvimbe 2, mmoja nyongani na mwingine karibu na wengu. Mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Daktari wa upasuaji anataka ampasue tena. Daktari wa kemo anasema aanze dawa moja kwa moja. Kaka yangu anataka tuuze shamba la Kangundo, mama apasuliwe haraka. Mama naye amesema, "Mimi si mtumba, nifunguliwe kila msimu." Tufuate lipi? – Bintiye, Umoja

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote.

Madaktari wenu hawapingani kama mnavyodhani hapo nyumbani. Wote wawili wanakubaliana kwamba kemo mama atapata. Wanachobishania ni kama kisu kitangulie, na jibu linategemea jambo moja kuliko mengine yote: je, uvimbe wote unaoonekana kwa macho unaweza kutolewa, pasibaki hata punje? Sisemi kupunguzwa. Nasema kutolewa wote.

Nikueleze ninakolitoa. Kuna utafiti ulioongozwa na Wajerumani, unaitwa DESKTOP III, uliochapishwa mwaka 2021. Ulikuwa na wanawake 407 ambao saratani yao ilirudi baada ya kukaa miezi 6 au zaidi bila dawa za platini (kaboplatini ni mojawapo), kama mama yako. Kundi moja lilipasuliwa kisha likapewa kemo, kundi la pili likapewa kemo peke yake. Nusu ya waliopasuliwa waliishi zaidi ya miezi 53.7; kwa wale wa kemo peke yake, nusu walivuka miezi 46. Ni karibu miezi 8 ya nyongeza. Kaka yako akisoma hapo tu, atatoka mbio kutafuta mnunuzi wa shamba. Mwambie asome mstari unaofuata. Waliotolewa uvimbe wote, nusu yao walivuka miezi 61.9. Waliopasuliwa kisha ukabaki, nusu yao hawakufika hata miezi 30. Hao walifanya vibaya kuliko wanawake ambao hawakuguswa na kisu kabisa. Bila shaka wengi wao ugonjwa wao ulikuwa mkaidi tangu mwanzo, lakini hakuna kinachoonyesha kwamba jeraha lile liliwasaidia.

Mwaka 2019 Wamarekani nao walikuwa wamechapisha utafiti wao, GOG-0213, wenye wanawake 485. Hapo upasuaji haukuongeza maisha: miezi 50.6 kwa waliopasuliwa, 64.7 kwa wasiopasuliwa. Tofauti hiyo haikutosha kusema kisu kiliwadhuru, ila faida haikuonekana. Ndiyo maana daktari wako wa kemo anasita, na ana haki ya kusita. Tafiti hizi mbili zilichagua wagonjwa kwa namna tofauti. Kwa Wamarekani, daktari wa upasuaji alitumia uamuzi wake mwenyewe kuhusu nani anafaa, na wagonjwa wengi walipata pia bevasizumabu, dawa inayokatiza mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Wajerumani walikuwa na vigezo 3, na ilibidi vyote vitimie: mgonjwa awe na nguvu zake na aendeshe shughuli zake kama kawaida, awe alitolewa uvimbe wote katika upasuaji wa kwanza, na maji tumboni yasifike nusu lita.

Sasa mpime mama. Cha kwanza anacho, maana mtu anayesimama kutwa Mutindwa akipanga nguo ana nguvu zake. Cha tatu mtakisoma kwenye ripoti ya skani. Cha pili ndicho kinachonikosesha usingizi. Umeniandikia kwamba "operesheni imeenda vizuri." Mwanangu, hayo ni maneno ya kwenye korido. Mgonjwa akitoka salama, operesheni imeenda vizuri. Haijasema kama kulibaki kitu.

Mwaka 2012 saratani hii ilimrudia dadangu mkubwa, miezi 13 baada ya kemo. Hospitali sitaitaja. Tuliambiwa apasuliwe tena, nasi tukakubali siku hiyo hiyo, kwa sababu kukubali kulionekana ndiko kupenda. Hakuna aliyeitafuta ripoti ya upasuaji wa kwanza. Mimi mwenyewe, muuguzi mwenye sare, sikuiuliza. Nilikuja kuisoma baadaye, karatasi moja tu iliyopigwa chapa, na ndani yake imeandikwa wazi kwamba uvimbe uliachwa chini ya kiwambo cha kupumulia kwa kuwa haukutoleka. Mara ya pili walipofungua walikuta vipele kama punje za mtama vimetapakaa juu ya utumbo wote. Wakatoa walichoweza, wakafunga. Kidonda kikakataa kushikana. Zilipita wiki 9 kabla ya kemo kuanza, wiki 9 za kubadilisha bandeji asubuhi na jioni. Aliishi miezi 11 baada ya hapo. Sisemi kemo peke yake ingemponya. Wiki zile 9 zilikuwa zake, na hatukumuuliza angependa kuzitumiaje.

Kwa hiyo kabla ya shamba, kabla ya mchango, kabla hata hamjarudi kliniki, nendeni ofisi ya kumbukumbu ya hospitali aliyopasuliwa mwanzo mkaombe ripoti ya upasuaji. Sisemi barua ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ni ile aliyoandika daktari akitoka chumba cha upasuaji. Ni haki ya mgonjwa kupata nakala. Mama atie sahihi, wewe ubebe kitambulisho chake na namba ya faili. Mkipigwa kalenda, rudini kesho yake. Mtafute mahali palipoandikwa kama kulibaki uvimbe na wa ukubwa gani. Wengine huandika R0 tu, maana yake hakikubaki kitu cha kuonekana. Ombeni pia ripoti ya maabara inayotaja aina ya saratani, na skani zote kwenye CD, za zamani na za sasa.

Kisha ombeni kesi ya mama ipelekwe kwenye kikao cha madaktari, wa kisu, wa kemo na wa picha wakae meza moja. Hospitali kubwa za rufaa hapa jijini huwa na vikao hivyo. Msiwe ninyi wa kubeba maneno kutoka kliniki moja kwenda nyingine. Wanaweza kutaka skani ya PET, na mashine hiyo ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa West. Inasaidia kujua kama uvimbe ni 2 kweli au kuna mwingine umejificha. Ila punje ndogo ndogo kama zile za dadangu PET pia inaweza kuzipita.

Mkikaa na daktari wa upasuaji, mwulizeni mbele ya mama: "Unaamini unaweza kutoa wote? Ukifungua ukakuta zaidi ya skani, utafanyaje?" Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Mwulizeni pia nani atakuwa naye utumbo ukihitaji kukatwa, maana kuna uwezekano mama akaamka na mfuko wa choo tumboni, wa muda au wa kudumu, na hilo aambiwe kabla. Uvimbe wa karibu na wengu unaweza kulazimu wengu utolewe. Asiye na wengu hushambuliwa kwa urahisi na baadhi ya vijidudu, kwa hiyo chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo apewe angalau wiki 2 kabla ya kisu. Nimeona watu wakikumbuka chanjo hizi siku ya kuruhusiwa nyumbani. Watafuteni na wa kutoa damu mapema.

Ikiwa jibu ni kwamba haiwezekani kutoa wote, mshike mkono mama aende kwenye kemo, wala msione kwamba mmemtupa. Kukaa miezi 19 bila ugonjwa ni dalili njema. Kadiri muda unavyokuwa mrefu baada ya platini, ndivyo saratani inavyoelekea kuitikia platini tena. Kutegemea kwamba itamaliza kila kitu kisirudi tena ni jambo la wachache sana, na sitaki kukudanganya. Lakini kunywea, kutulia, na mama kurudi Mutindwa kwa kipindi kizuri, hayo nimeyashuhudia kwa macho yangu, mara nyingi.

Neno moja la chumba cha kemo ambalo familia haziambiwi. Mtu anayerudia kaboplatini anaweza kupata mzio ambao hakuupata mara ya kwanza, na mara nyingi hujitokeza karibu na dripu ya 8 ukihesabu tangu mwanzo. Mama ameshapata 6, kwa hiyo ya pili ya safari hii ndiyo ya 8. Viganja vikianza kumwasha, uso ukapata joto, kifua kikabana, asivumilie kwa heshima. Apaze sauti dawa ifungwe hapo hapo. Mama zetu wana tabia ya kusema "niko sawa tu" huku midomo inavimba. Siku hiyo usiende kutafuta chai. Kaa naye.

Ombeni pia kipimo cha BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo kasoro yake huweza kuleta saratani hii katika ukoo, kama hakijafanywa. Kikionyesha kasoro, kuna vidonge kama olaparibu vinavyoweza kurefusha muda wa utulivu baada ya kemo kufanya kazi. Kipimo hiki kinakuhusu na wewe, mwanangu, na kaka yako pia: mtoto wa mwenye kasoro ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume.

Kuhusu shamba, Kangundo haikimbii. Bima ya afya ya taifa, SHA, ilipoanza Oktoba 2024, huduma ya saratani ilipangiwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha kulikuwa na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Viwango hivi hurekebishwa, basi angalieni salio la mama kwa ofisi ya SHA hospitalini kabla ya kupanga tarehe, na mwombe daktari makadirio ya upasuaji na ya raundi 6 kwa maandishi, kando kando. Nimeona familia zikimaliza pesa zote kwenye kisu, kisha raundi ya tatu ya kemo ikakosa mchango. Hata upasuaji ulioenda vizuri unaitaka kemo nyuma yake, na kwa wakati wake.

Mwisho kabisa, mama. Katika barua yako yote, sauti yake iko kwenye sentensi moja, tena ndiyo sentensi iliyo wazi kuliko zote. Kaa naye jioni moja bila kaka. Mwulize ni nini hasa anachokiogopa. Wapo wanaoogopa kufa mezani, na huyo unaweza kumwambia kwamba katika utafiti ule wa DESKTOP III hakuna mwanamke aliyefariki ndani ya siku 30 baada ya upasuaji. Wapo wanaoogopa mfuko wa choo, au kuwa mzigo, au maumivu ya wiki ile ya kwanza ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza habari zake. Kila hofu ina jibu lake. Na akishaelewa yote, akasema bado hataki, hilo ndilo jibu, na wewe ndiwe utakayemweleza kaka yako.

*

Dada Muuguzi, hujambo. Mke wangu ana miaka 46. Tumbo lilijaa maji, wakatoa lita 4, wakasema ni ovari na imeenea. Badala ya kumpasua wameanza kemo, raundi 3, eti ndipo wampasue, halafu 3 tena. Mashemeji zangu wanasema nimekwepa gharama za upasuaji na ugonjwa unaenea nikiangalia. – Mume, Pumwani

Sijambo, kaka. Hukukwepa kitu, na wape mashemeji wasome hapa. Huo ni mpango uliopimwa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2010 uliwagawa wanawake wenye ugonjwa ulioenea sana: wengine wakapasuliwa kwanza, wengine wakaanza na kemo raundi 3 kama mkeo. Muda wa kuishi ulikuwa karibu sawa, miezi 29 kwa 30. Wa Uingereza uliofuata, ule wa 2015, ukaelekea huko huko. Na waliotangulizwa kemo walipata madhara machache ya upasuaji. Mtu aliyetoka kutolewa maji lita 4 mara nyingi hali vizuri na damu yake iko chini, na mwili wa namna hiyo kidonda chake hakiponi haraka. Wapo madaktari wanaopendelea kisu kwanza kwa mgonjwa mwenye nguvu ambaye uvimbe wake unatoleka wote, na wana hoja. Lakini kwa hali uliyonieleza, nami ningekubali kemo itangulie.

Kazi yako ni tarehe. Mara baada ya raundi ya 3 apigwe skani, apewe nafasi ya chumba cha upasuaji. Anza kuiulizia hiyo nafasi leo, usingoje raundi ziishe, kwa sababu foleni za hospitali za umma unazijua. Na kama maumivu au maji yanamsumbua wakati huu, kuna Nairobi Hospice, karibu na Hospitali ya Kenyatta, iliyoanza 1990. Watu wengi wanadhani huko ni kwa kwenda kufa. Si kweli. Wanatuliza maumivu ya mtu anayeendelea na tiba.

*

Dada, nilimaliza kemo mwaka jana. Daktari wangu amekataa kunipima CA-125 kila mwezi, anasema tutaona. Je, ananipuuza? – Msomaji, Donholm

Sidhani. Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti wa Uingereza na Ulaya uliowalinganisha wanawake walioanza kemo mara tu CA-125 ilipopanda na wale waliongoja hadi dalili zijitokeze. Walioanza mapema hawakuishi zaidi. Walichopata zaidi ni kemo, na miezi mingi ya kuishi kama wagonjwa. Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kipimo hakina kazi tena. Siku hizi tunajua mgonjwa anayefaa anaweza kusaidiwa na upasuaji wa pili, na uvimbe 1 au 2 unatoleka kuliko 20. Kubaliana na daktari ratiba, kwa kawaida kila miezi 3 au 4 mwanzoni, na kuna wanaochagua kutopima kabisa na kufuata dalili. Kati ya ratiba moja na nyingine, usingoje tarehe ukiona tumbo linajaa, unashiba kwa vijiko viwili, au haja ndogo na kubwa zimebadilika kwa zaidi ya wiki 2. Na jua kwamba namba 1 iliyopanda kidogo haitoshi kusema chochote. Hurudiwa.

*

Shangazi, niko raundi ya 4. Naweza kusafiri Kitui kwa mazishi ya mjomba, au nitaambukizwa? – Dada wa Kayole

Pole kwa msiba, mwanangu. Hesabu siku tangu dripu. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe huwa chini kabisa, na siku hizo epuka umati na mikono ya watu 300. Ikiwa umeshapita hapo na damu yako iko sawa, nenda. Kaa sehemu yenye hewa, kula chakula cha moto, na maji ya kunywa ubebe yako. Kabla ya kuondoka ujue ni hospitali gani ya huko iko karibu, na uwe na namba ya wadi yako kwenye simu. Joto likifika 38 usinywe panado ukalala. Nenda hospitali usiku huo huo, uwaambie neno la kwanza kabisa kwamba uko kwenye kemo. Kipimajoto kiweke kwenye mkoba wako wa mkononi, si kwenye begi la juu ya basi.